Upande Usioguswa

Uvumi ule niliupata kwa mama muuza dagaa, na tangu siku hiyo haujanitoka kichwani. Naufagia pamoja na uchafu wa uani, unarudi. Nautwanga pamoja na mahindi, unabaki mzima.

Mama yule alikuwa ametoka makao makuu. Akatua ndoo yake mlangoni kwangu, akanipimia dagaa, akasema, "Poleni sana na msiba."

"Msiba gani?"

"Wa yule mama wa kwenu aliyefariki akijifungua. Waziri ametangaza mbele ya wageni, amelia mpaka miwani ikadondoka. Tumesikia kwenye redio pale kwa kinyozi."

Nikamwambia kwetu hakuna mama aliyefariki akijifungua, wala mwaka huu wala mwaka jana.

Akanitazama, kisha akaongeza dagaa kidogo juu ya kipimo, bila mimi kuomba. Akasema, "Basi bado."

Akajitwika ndoo akaenda zake.

Sasa, upande wetu wa barabara mwanamke mwenye mimba alikuwa mmoja tu. Naye ni Sikudhani, mwanangu.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, maana wewe unayesoma huenda hukai nchi yetu, na huenda bado una nafasi.

*

Nchi yetu ni nchi ya amani na utafiti. Zamani tuliuza kahawa, kahawa ikaingia ugonjwa. Tukauza pamba, bei ikaanguka. Ndipo Mtukufu Rais, Baba wa Viashiria, alipogundua kwamba kuna kitu wageni wanakitaka sana, na sisi tunacho kwa wingi bila hata kukimwagilia maji. Kitu chenyewe ni hali yetu. Wageni wanapanda ndege kuja kuitazama hali yetu. Wanaipima, wanaipiga picha, wanaiandikia vitabu vinene, wanaijadili wiki nzima kwenye hoteli zenye maji ya chupa. Basi ikaundwa Wizara ya Kuchunguzwa. Waziri wake anakaa kulia kwa Rais. Waziri wa Chakula siku hizi anakaa karibu na mlango.

Kijiji chetu kimekatwa katikati na barabara ya lami. Nyumba huku, nyumba huku, watu wale wale. Ukimwita mtoto wako ng'ambo hii wanaitika watoto wa ng'ambo ile. Wataalamu walipotuona walishuka kwenye magari yao wakakumbatiana. Walisema hawajapata kuona watu wanaofanana namna ile halafu wakakatwa vizuri namna ile.

Waziri akaja na ngoma na mwavuli. Akasema:

"Ndugu wananchi! Maendeleo ni sayansi! Na sayansi inataka haki! Upande mmoja wa barabara hii utapewa kila kitu. Upande wa pili hautapewa chochote, ili dunia ijue aliyepewa amepata nini. Ninyi mtakaokosa, msidhani mmekosa! Mmepewa kazi nzito kuliko wenzenu. Kazi ya kukaa kama mlivyo!"

Akarusha sarafu juu. Sarafu za kwetu zina kichwa cha Rais pande zote mbili, kwa heshima, hivyo ikabidi Waziri mwenyewe ainame aangalie na atuambie imeangukaje. Aliinama muda mrefu. Halafu akasema imeangukia kulia. Kulia ndiko kwa shemeji yake, lakini sarafu haijui mambo ya mashemeji.

Tukapiga makofi. Mpaka leo sijui kwa nini tulipiga makofi. Ngoma zilikuwa zinalia.

*

Upande wa kulia ulipata zahanati yenye mkunga na taa, kisima cha pampu, mabati, na mbuzi wa maziwa. Upande wetu wa kushoto ulipata bango. Bango lilikuwa zuri, la chuma, limeandikwa kwa rangi nyekundu: UPANDE USIOGUSWA. TAFADHALI USISAIDIE.

Mwanzoni tulicheka. Shabani, seremala wetu, mtu wa maneno, alikuwa akipita chini ya bango lile anainua mikono juu na kusema, "Msiniguse jamani, mimi ni wa serikali."

Kicheko kilikatika siku Shabani alipoezeka upya paa lake. Aliitwa mbele ya kamati.

"Nani amekuruhusu kuziba?"

"Kulikuwa kunavuja, wakubwa."

"Kumeanza kuvuja lini?"

"Zamani, hata sikumbuki."

"Basi kuvuja ndiyo hali yako. Irudishe."

Akapanda juu akaitoboa nyumba yake mwenyewe kwa patasi yake mwenyewe, na kamati ikakaa kwenye gari kusubiri mvua, ili ithibitishe kwamba panavuja palepale pa zamani. Kuku wa jirani yangu alipoangua mayai yote bila hata moja kuharibika, vifaranga waliandikiwa uhamisho. Mwalimu wetu, mzee wa watu, alipewa onyo kwa sababu darasa lake lilikuwa limeanza kuelewa.

Hata hivyo kuna jambo moja wataalamu hawakuliuliza, na kwa kuwa hawakuuliza hakuna aliyewaambia. Kwetu bakuli likivuka kwenda kwa jirani halirudi tupu. Hiyo si sheria, ni aibu tu. Ukirudisha bakuli tupu utasemwa mpaka wajukuu zako wasemwe. Basi wenzetu wa kulia walipokamua mbuzi, maziwa yakavuka. Bakuli likarudi na muhogo. Wakaleta dawa ya kikohozi, tukapeleka jamvi. Wakaleta maji ya pampu, tukapeleka mikono yetu shambani kwao wakati wa palizi. Hakuna aliyepanga. Bakuli lilikuwa linatembea tu.

Wageni waliporudi kutupima, watoto wa kulia na wa kushoto walikuwa na uzito mmoja. Ila mtoto wa Shabani alikuwa mnene kuwapita wote, maana alikuwa anakula pande zote mbili.

Wageni walikaa kwenye kivuli cha gari lao, wamejishika vichwa. Nikawahurumia. Nikawapelekea maji, wakakataa, wakasema nawaharibia. Mmoja wao akaandika kwamba amethibitisha msaada hausaidii. Mwingine akamwambia Waziri waziwazi kwamba bila tofauti hakuna awamu ya pili.

Serikali yetu haipendi kuaibishwa. Ikaundwa Idara ya Tofauti.

*

Mkurugenzi wa Tofauti anaitwa Bwana Lukonge. Ni mtu wa adabu sana. Anavua kofia akiingia nyumbani kwa mtu, hakohoi bila kuziba mdomo, na hajawahi kupandisha sauti. Ndiyo maana tulichelewa kumwogopa.

Alikuja asubuhi na rangi nyeupe na askari. Wakachora mstari katikati ya barabara, kutoka mwanzo wa kijiji hadi mwisho. Kila mtu akaamriwa asimame pale pale alipokutwa, na akafungwa kamba mkononi, ya kijani kulia, nyekundu kushoto, kamba ya kukazwa kwa koleo ambayo haifunguki ila kwa kukatwa. Halafu Bwana Lukonge akatusomea masharti kwa sauti yake ya upole. Kuvuka, marufuku. Kupitisha bakuli, marufuku, liwe limejaa au liwe tupu. Kupeana ushauri, marufuku. Salamu, ruksa. Matusi, ruksa, kwa kuwa utafiti umeonyesha kwamba matusi hayajamwendeleza mtu.

Asubuhi ile Sikudhani alikuwa kwangu.

Yeye aliolewa ng'ambo, upande wa kulia, nyumba inayotazamana na yangu. Mumewe anaitwa Hemedi, mama mkwe wake Bi Mwantumu. Zahanati iko nyuma ya ua wao, mtu akipiga chafya kule ndani wanasikia. Lakini kwetu mimba ya kwanza binti huja kujifungulia kwa mama yake. Ndivyo nilivyofanya mimi, ndivyo alivyofanya mama yangu. Alikuja na kanga zake ndani ya ungo, akicheka, barabara yenyewe ameivuka kwa kurukaruka kama mtoto, siku chache tu kabla ya mstari. Wakamkuta amekaa mlangoni kwangu anachambua mchicha. Wakamfunga kamba nyekundu.

Nikamwambia askari, "Huyu si wa huku. Amekuja kujifungua tu."

Askari akajibu, "Mama, amekutwa huku."

Tangu hapo mkwe wangu, Bi Mwantumu, akawa anasimama ng'ambo kila asubuhi, mikono kiunoni, na kunipigia kelele. "Wewe mwanamke miguu kama mwiko! Umemng'ang'ania mke wa mwanangu! Amekula leo?"

Askari akamkatiza. "Bibi, hilo la mwisho si tusi."

"Amekula leo, mjinga wewe?"

"Hapo sawa," askari akasema.

"Amekula, kichwa cha panzi!" nikajibu. "Ila miguu imevimba, na kichwa kinamuuma, mchawi mkubwa!"

Nikaona Bi Mwantumu ameshusha mikono kutoka kiunoni. Hakutukana tena siku ile.

*

Mwanzoni Sikudhani alisema ni uzito wa mimba tu. Halafu uso ukaanza kuvimba, pete ikagoma kutoka kidoleni. Akawa anaona vitu kama vimulimuli mchana kweupe. Bibi anayezalisha upande wetu alimtazama, akampapasa miguu, kidole chake kikaacha shimo lisilojaa. Akanivuta pembeni, akasema, "Huyu si wangu. Huyu ni wa zahanati. Mpeleke upesi." Tukatazama zahanati wote wawili. Unaiona kutoka jikoni kwangu. Unaona hadi pazia la dirisha.

Nikaenda kwa Bwana Lukonge. Hakunikaribisha tu, alikuja mwenyewe nyumbani, kofia mkononi, akakaa juu ya kigoda. Akamtazama Sikudhani kwa furaha, kama mtu anayetazama shamba lililokubali.

"Miguu imevimba?"

"Imevimba, baba."

"Vizuri. Na kichwa?"

"Kinamuuma usiku na mchana."

"Vizuri sana," akasema, na akaitikia kwa kichwa. "Mambo yanakwenda kama yalivyokadiriwa."

Nikapiga magoti. Nikamwambia, "Bwana mkubwa, ni hatua chache tu. Nimvushe, akijifungua nitamrudisha. Mtoto nitamrudisha pia, mkitaka."

Akaniinua kwa mkono wake mwenyewe. Akasema, "Mama, naomba unielewe. Mimi pia nina mabinti. Lakini takwimu haivuki barabara. Ikivuka moja, zitavuka zote, na nchi itabaki bila tofauti. Halafu Mheshimiwa Waziri ameshalia. Amelia mbele ya mataifa. Sasa wewe unataka nimrudishie Mheshimiwa machozi yake?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba mama muuza dagaa hakukosea.

Akavaa kofia. Mlangoni akageuka, akaniambia kwa upole, "Jitahidi asile chumvi. Hapana, samahani, huo ni ushauri. Nimeufuta."

*

Mungu anisamehe kwa ninavyolisema hili, lakini kifo cha Mzee Kibwana kilikuja na heri. Alikuwa mzee kuliko barabara yenyewe, alilala akaishia hapo. Makaburi yetu yako kulia, nyuma ya zahanati, kwa sababu kushoto ni mwamba mtupu. Tukakaa na maiti yetu tukisubiri uamuzi. Bwana Lukonge akapiga simu makao makuu, akarudi na jibu. Marehemu hana maendeleo, kwa hiyo anaweza kuvuka. Wazikaji wamsindikize kisha warudi, kamba zao zikikaguliwa.

Siku ile Sikudhani tungemchanganya na waombolezaji, lakini askari waliambiwa wamtazame yeye kuliko wanavyomtazama marehemu. Alibaki mlangoni, na askari wawili wakabaki naye.

Kule makaburini Bi Mwantumu alisogea ubavuni kwangu, kanga ameivuta mpaka machoni.

"Anavuka maiti tu?" akaninong'oneza.

"Maiti tu."

"Basi naye afe."

Nusura nimzabe kofi mbele ya watu.

"Sikiliza, we mwanamke," akasema, na akanishika kiganja kwa nguvu. "Si wanataka maiti? Wape maiti. Mlaze kwenye jeneza, mfunike, mlilie. Mimi nitampokea huku akiwa anapumua. Mkunga nimeshasema naye, amechoka kuzalisha upande mmoja wa barabara kama vile wanawake wa upande wa pili ni mbuzi. Hemedi atachimba kaburi."

"Na ndani ya kaburi tutaweka nini?"

Akatazama nyuma ya zahanati, mahali maji ya pampu yanapomwagikia. Palikuwa na migomba imenenepa ajabu.

"Mgomba," akasema. "Urefu ni ule ule."

*

Uchungu ulimshika Sikudhani mchana wa siku ya soko. Nikamlaza mkekani nikamwambia, "Mwanangu, sasa unakufa." Akanitazama na yale macho yaliyovimba, akasema, "Mama, usilie vibaya, utaniogopesha." Nikamsaidia aingie kwenye jeneza lililokuwa tayari chumbani, nikamfunika shuka, nikatoka uani, nikashika kichwa, nikapiga yowe.

Sikuhitaji kuigiza, mwenzangu. Lile yowe lilikuwa limekaa tayari tangu siku ya dagaa.

Bwana Lukonge alifika kabla ya majirani. Nilikuwa nimejipanga kumzuia asifunue shuka, lakini hakuwa na haja ya kufunua. Yeye hakuwa mtu wa kutazama watu. Aliuliza jambo moja tu.

"Mama peke yake, au na mtoto?"

"Wote wawili, baba. Amekwenda naye."

Uso wake ukakunjamana kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Aah. Sisi tulikuwa na mama peke yake. Mtoto alitakiwa abaki. Awamu ya pili inahusu yatima." Akafikiri kidogo, akigonga kofia kwenye goti. Kisha akatulia. "Si neno. Yatima tutampata kwingine."

Alisema hivyo, kwa sauti ile ile ya upole. Nilikuwa nimeshikilia ukingo wa jeneza na nikasikia mwanangu ndani amevuta pumzi. Wakati ule sikuwa na nafasi ya kufikiri habari za kwingine.

Shabani na wenzake watatu wakabeba. Jeneza lile Shabani alilitengeneza mwenyewe, na chini alikuwa ametoboa matundu ya hewa, kwa patasi ile ile. Njia nzima waliimba kwa sauti kubwa, kwa sababu uchungu ulikuwa unakuja na kuondoka, na kila ukija ilibidi kiitikio kirudiwe. Tulikanyaga lami. Tukafika kwenye mstari mweupe.

"Simameni hapo," akasema Bwana Lukonge.

Wapiga picha walikuwa wameshapanga vyuma vyao. Bwana Lukonge akasimama huku kwetu, jeneza juu ya mstari nyuma yake, zahanati nyuma ya jeneza, ili vyote viingie kwenye picha. Akatoa karatasi.

"Ndugu wageni, ndugu waombolezaji! Leo barabara hii imesema! Upande wa kulia, uhai! Upande wa kushoto, huzuni! Nani atathubutu tena kusema kwamba hakuna tofauti? Marehemu hakufa bure! Amekufa ndani ya makadirio!"

Wageni wakainamisha vichwa. Mmoja wao, mama wa makamo, alikuwa analia kweli, na bado nampenda kwa machozi yale, ingawa alikuwa anaandika huku analia.

Hotuba ikaendelea. Akamshukuru Rais. Akamshukuru Waziri. Akaishukuru barabara. Ndani ya jeneza nikasikia sauti ndogo, sauti ya mtu anayeuma kitambaa, na shuka ikacheza. Nikapiga yowe. Wanawake wote wa upande wetu wakapiga yowe. Ng'ambo Bi Mwantumu akajibu kwa yowe refu kuliko letu. Bwana Lukonge akasubiri kwa adabu tunyamaze, akatazama nyuma.

"Jeneza linatikisika," akasema.

Shabani, jasho linamtiririka, akajibu, "Ni sisi, Mheshimiwa. Ni njaa. Si unajua sisi ni wa upande usioguswa."

Bwana Lukonge akatabasamu. Akamgeukia mwandishi wake. "Andika hilo. Wanatetemeka."

Akaanza ukurasa wa pili.

Sitaki kukumbuka ukurasa wa pili. Nakumbuka tu kwamba tone moja la maji lilidondoka chini ya jeneza, katikati kabisa ya mstari mweupe, halafu la pili, halafu yakawa mengi. Nikavua kanga ya pili nikaitupa pale chini, nikaiangukia, nikajigaragaza juu yake kama mwenye kichaa cha msiba. Wapiga picha wakanifuata. Picha hiyo ndiyo mliyoiona nyote. Iko kwenye jalada la ripoti yao.

Alipomaliza hakwenda makaburini. Kule kuna tope, na viatu vyake vilikuwa vya kamba. Alitaka kuwahi simu.

*

Nyuma ya zahanati Bi Mwantumu na wenzake walilizunguka jeneza kwa kanga zao, mwanangu akatolewa, mgomba ukaingizwa. Mtoto alizaliwa zahanati, mlango wa nyuma, huku mbele ya zahanati watu wanaimba nyimbo za kuzika. Mama yake alishikwa na kifafa cha mimba, mkunga akapigana nacho kwa dawa na kwa maneno makali, akakishinda. Ni mtoto wa kike. Mimi sikumwona. Nilikuwa makaburini, namzika mgomba. Askari walikuwa wananitazama, na mgomba ule nikaulilia mpaka mwisho. Hemedi akafukia, akafanya haraka. Kisha tukakaguliwa kamba, tukarudishwa kushoto.

Sikudhani yuko hai. Anakaa chumba cha nyuma kwa Bi Mwantumu. Hana kamba, kwa kuwa marehemu hafungwi kamba. Hatoki mchana. Wakimwuliza Bi Mwantumu mtoto ni wa nani, anasema ni wa mgeni. Asubuhi anasimama ng'ambo, mikono kiunoni, ananitukana.

"Wewe mwanamke mbaya! Una sura ya mtoto anayenyonya vizuri!"

Askari anawaza kidogo, anaacha lipite.

Nilidhani yameisha. Lakini Hemedi, kwa haraka yake, alikuwa ameung'oa mgomba pamoja na kitako chake cha mizizi. Mvua za kwanza zilipoanguka nikapelekwa makaburini na wageni wapya, maana kaburi la mwanangu sasa liko kwenye ratiba, kati ya bango na chakula cha mchana. Nikaona juu ya udongo kitu cha kijani, kimejikunja kama sikio. Nikapiga magoti kama mwenye kusali, nikakibana kwa kiganja mpaka walipoondoka.

Tangu hapo nimeomba ruhusa ya kulifagia kaburi kila asubuhi kabla wageni hawajafika. Bwana Lukonge ameguswa sana na uchungu wangu, amenipa kibali. Naingia, nang'oa machipukizi, nayafukia, nafagia. Kesho yake yako pale tena, mengine yamechomoza pembeni. Siku moja nitaugua, nisiende.

Na wiki iliyopita Bwana Lukonge alikuja kuniaga kwa muda, kofia mkononi. Anasafiri. Amesema wanatafuta kijiji kingine chenye barabara katikati, au mto, au hata reli, watu wawe wa kupendana, na pawepo wajawazito kadhaa. Amesema safari hii watachukua tahadhari, maana ile ya kwetu mtoto alipotea. Nikamwuliza ni upande gani. Akaonyesha kwa kofia, upande jua linakozama.

Ndiko uliko wewe. Kwa hiyo nakuandikia. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, lakini haya nayajua:

Usipige makofi kabla hujajua unapigia nini, hata kama ngoma zinalia.

Usikubali kijiji chenu kiitwe mfano wa kitu chochote.

Usiwaambie kwamba mnafanana.

Usivushe bakuli wazi. Lifunike, na lipite nyuma ya nyumba.

Usimwogope anayefoka. Mwogope anayevua kofia.

Ukiulizwa nani ana mimba, usijue.

Ukipewa pole ya msiba ambao hujaupata, usiseme wamekosea. Anza kuhesabu watu wako.

Usimwite binti yako nyumbani kujifungua. Najua ni mila. Mwache aliko.

Usizike mgomba na kitako chake.

Na ukisikia kitoto kinalia ng'ambo ya barabara, hata kikilia sana, usigeuze kichwa.